Mfuko Uliojibu Zaidi ya Ulivyoulizwa

6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kwamba yule jirani yako amemaliza kugonga mabati. Sisi huku hatujambo. Baba goti bado linamsumbua, lakini fimbo hataki hata kuisikia. Anasema akishika fimbo watu wataanza kumwita mzee, kana kwamba sasa wanamwita kijana. Mama anakusalimu sana na anauliza kama ile blauzi ilikutosha mabegani.

Sasa habari yenyewe. Nimepata kazi, Shangazi, na hutakisia wapi. Ni hospitali ile ile uliyofanya kazi wewe, chumba kile kile cha ghorofa ya chini nyuma ya benki ya damu, ambako friji zinanguruma mpaka unausikia mngurumo kwenye meno. Dirisha lako halifunguki mpaka leo. Programu yako ya kutunza damu ina miaka ishirini na bado inafanya kazi, nami nimeajiriwa kuihamishia kwenye toleo jipya la Smalltalk, lugha ile uliyoiandikia programu, kabla kompyuta za zamani hazijakata roho.

Niliifungua kwa hofu. Nimezoea kusoma programu za watu kama anayesoma mwandiko wa daktari. Yako niliisoma kama barua. Majina yote uliyaandika kwa Kiswahili: mfuko wa damu unaulizwa niSalama, unajibu ndiyo au siyo, mgonjwa anaulizwa kundiLaDamu, analitaja. Muuguzi mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu, akasoma mstari mmoja kwa sauti akauelewa, naye hajaandika programu tangu azaliwe. Nikakumbuka zile Jumamosi ulizokuwa ukinikalisha mezani kwako na kuniambia kwamba kompyuta haifokewi, inaombwa jambo kwa jina lake. Watu wengine wote waliniambia niache maswali. Wewe ulinibandika jina kwa sababu ya maswali hayo hayo, na ukayajibu. Kwa hilo nakushukuru, na sidhani kama nimewahi kulisema.

Shida ni moja. Toleo jipya lina mkaguzi, yaani programu inayosoma programu nyingine na kuonyesha palipo na kasoro: jina lililokosewa, ujumbe usiotumwa na yeyote, mbinu, yaani kipande cha maagizo kinachojibu ujumbe mmoja, ikiwa ndefu kupita kiasi. Nilipomwachia kazi yako alitoa maonyo elfu moja mia moja na arobaini. Mengi ni ya majina. Yeye anajua Kiingereza tu. Hana Kiswahili hata cha kuombea maji. Wakubwa wanapendekeza nibadilishe majina yote ili anyamaze. Wewe unasemaje?

Halafu jambo dogo. Juu kabisa ya programu, pale mwandishi anapoeleza kazi yake, umeandika: "Kila ninachokijua kuhusu damu nimefundishwa na Hadubini. Asante." Hadubini ni nani? Nimeuliza vijana wa maabara, hawamjui.

Mwanao mwenye maswali,
Kwanini


25 Februari

Kwanini wangu,

Marahaba, tena mara mbili. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaisoma tena nimekaa. Jirani amemaliza mabati, sasa amehamia kwenye uzio. Blauzi imenitosha. Mwambie mama yako mabega yangu yako pale pale, kilichoongezeka kiko kwingine. Na kaka yangu mwambie fimbo haimzeeshi mtu, kinachomzeesha ni kuanguka mbele ya wajukuu wa watu.

Kuhusu majina: usiyaguse. Nitakueleza kwa nini, maana najua utauliza.

Kwenye Smalltalk hakuna kitu kingine ila vitu vinavyotumiana ujumbe. Kwa hiyo jina la ujumbe ndiyo ahadi yenyewe. Likiwa swali, lianze na ni au ina, na lijibu ndiyo au siyo, basi, lisifanye kingine. Likiwa agizo, lianze na kitendo: andika, toa, tupa. Ukitaka kitu alichonacho mwenzako, kitaje tu. Usiseme pataTarehe, sema tarehe. Nani anamwendea mtu na kumwambia "pata jina lako"? Unamuuliza jina, anakupa. Na ukiwa na mambo mawili ya kupeleka, jina likatike mahali mtu angevuta pumzi: toaKwa: mgonjwa siku: leo. Lisome kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, jina ni baya.

Watu wa benki ya damu wakati ule walikuwa hawaiamini kompyuta. Nikaona nikiiandika kwa lugha yao wataweza kuchungulia begani kwangu na kuniambia nilipokosea. Walichungulia, na waliniambia. Nilijifunza mengi kwa njia hiyo.

Mkaguzi wako si adui. Mimi sikuwa na mkaguzi, nilikuwa na macho na chai. Kama hajui Kiswahili, mfundishe. Kanuni zake zimeandikwa kwa Smalltalk hiyo hiyo. Fungua moja, isome, andika ya kwako pembeni yake.

Nashukuru umepata kazi. Nashukuru zaidi kwamba aliyeifungua programu ni wewe na si mgeni. Kila anayestaafu anajua kuna droo hakuisafisha vizuri, na ni afadhali droo hiyo ivutwe na mtoto wa nyumbani.

Nawaombea afya nyote hapo,
Shangazi yako


19 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku tuko salama. Baba amekubali fimbo, kwa sharti kwamba tuiite "kijiti". Mama amepata cherehani ya umeme na sasa hakuna pazia ndani ya nyumba lililo na uhakika wa kesho yake.

Nilifanya kama ulivyosema. Wakubwa niliwaeleza kwa maneno yako, wakakubali kwa shingo upande, wakanipa mwezi mmoja. Kanuni ya kwanza niliyomwandikia mkaguzi ni hii: jina lolote linaloanza na ni au ina ni swali, kwa hiyo mbinu yake lazima ijibu ndiyo au siyo, na isibadilishe chochote ndani ya kile kinachoulizwa.

Nikamwachia. Akaja mbio na malalamiko. Alisema nipeMfuko si swali halali kwa sababu haijibu ndiyo wala siyo. Alisema inamisha, ile inayogeuza maandishi ya lebo, ni swali lenye tabia mbaya. Nilicheka peke yangu mpaka mtu wa friji akaingia kuuliza kuna nini. Nilikuwa nimemfundisha mkaguzi Kiswahili cha mtalii: akisikia ni popote anadhani anaulizwa kitu. Nikaongeza kwamba baada ya ni au ina lazima ifuate herufi kubwa. Kuanzia hapo akatulia, akawa kama mtu aliyekaa mjini mwaka mzima.

Maonyo yalishuka kutoka elfu na ushee hadi mia tatu, kisha arobaini, kisha sita. Matano nimeyamaliza jana. Shangazi, nilivyokuwa nafuta yale maonyo nilikuwa nakuona ulivyofikiri. Hakuna jina la hovyo hata moja. Nimewahi kufanya kazi na watu waliosomea hii kazi vyuo vikubwa, wanaita kitu x na kesho yake hawakumbuki x ni nini. Asante kwa kuniachia nyumba iliyofagiliwa.

Limebaki onyo moja. Bado sijalielewa vizuri, na nikishalielewa nitakuandikia.

Hukunijibu kuhusu Hadubini.

Wako,
Kwanini


8 Aprili

Kwanini,

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kusikia habari za kijiti. Mimi nina mafua kidogo, si ya kuandikia mtu barua.

NipeMfuko imenichekesha. Nilipoliandika jina lile, nilikuwa nasikia sauti ya muuguzi mmoja aliyekuwa akija dirishani na mkono umeshanyooshwa.

Hadubini alikuwa mtaalamu wa maabara. Aliondoka zamani. Ni mtu wa zamani tu.

Onyo lililobaki ni la mbinu ipi?

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe. Zaidi ya miezi miwili sijakuandikia, na hakuna aliyekuwa mgonjwa wala safari iliyonizuia. Baba anajitahidi. Mama anakusalimu. Nilianza barua hii mara tatu nikaichana.

Onyo ni la niSalama.

Mkaguzi anasema ni swali linalobadilisha kitu. Mwanzoni nilidhani kanuni yangu ndiyo mbovu tena. Kisha nikaifungua mbinu yenyewe na kuisoma polepole. Kabla ya kujibu kama mfuko ni salama, inaandika kwenye kumbukumbu za mfuko kwamba umekaguliwa sasa hivi, na inaandika jina la aliyeingia kwenye kompyuta.

Naamini nimeelewa ilivyotokea. Mwanzoni iliyouliza niSalama ilikuwa skrini moja tu, ile ya ukaguzi, ambayo mtu anaifungua mfuko ukiwa mkononi mwake. Kuuliza na kukagua vilikuwa kitu kimoja. Miezi baadaye, tarehe zipo, uliongeza ile skrini ya orodha inayoonyesha mifuko yote kwa rangi, kijani kwa iliyo salama na nyekundu kwa isiyo salama. Ili ijue rangi, orodha inauuliza kila mfuko niSalama. Na kila mfuko, kabla ya kujibu, unajiandika kuwa umekaguliwa.

Nilijaribu kwenye nakala isiyo na damu ya mtu yeyote. Niliingia kwa jina langu, nikafungua orodha, nikaifunga. Sikuinuka kitini. Mifuko sitini na mitatu iliandikwa kuwa nimeikagua mimi.

Nimeshatenganisha. Sasa niSalama inajibu tu, na kuna agizo jingine linaloandika ukaguzi. Damu ya leo haina tatizo. Muuguzi mkuu ananiambia kila asubuhi wanakagua kwa mikono na kutia saini kwenye karatasi, siku hizi hawaitegemei kompyuta kwa hilo.

Lakini nilimuuliza pia kama orodha ile iliwahi kuleta shida. Akaniangalia kwa muda, akafunga mlango. Akanieleza kwamba miaka kumi na minane iliyopita kulikuwa na mfuko ulioharibika kwenye rafu ya chini, mlango wa friji ulikuwa haufungi vizuri. Muuguzi aliiona rangi yake kitandani kwa mgonjwa, kabla haujafunguliwa, akaurudisha. Hakuna aliyeumia. Ila kompyuta ilisema mtaalamu wa maabara alikuwa ameukagua asubuhi hiyo saa mbili na dakika kumi. Yeye akasema hakuugusa, alifungua orodha tu, alikuwa bado hajafikia rafu ile. Wakasema ameandika ukaguzi ambao hakuufanya. Akafukuzwa.

Muuguzi mkuu alisema watu walimwita Hadubini.

Shangazi, sijamwambia mtu mwingine yeyote. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza. Sikulaumu, wala sijui lililosemwa siku zile. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, na ninachokuambia nimekisoma kwa macho uliyonipa wewe.

Kwanini


9 Juni

Mwanangu Kwanini,

Barua yako imefika saa nne asubuhi na sasa ni saa sita. Salamu za nyumbani nitazituma siku nyingine.

Uliyoyasoma ni sahihi. Nakueleza na yale ambayo hayamo ndani ya programu.

Nilipofika hospitali pale nilikuwa sijui damu ina makundi mangapi. Hadubini alinifundisha miezi mitatu. Alikata kadibodi vipande vipande, akaandika makundi, akawa anavipanga mezani kama anayecheza karata: huyu anaweza kumpa huyu, huyu hawezi. Nikikosea hakucheka. Alikuwa anarudisha vipande mwanzo na kusema, "Tuanze upya, hatuna haraka." Hakuwa na wajibu wa kunifundisha. Alikuwa akitoa muda wake wa chakula cha mchana.

Siku ya kikao walituita chumba cha mganga mkuu wa wakati ule. Hadubini alikuwa amekaa karibu na mlango, koti lake jeupe amelikunja mapajani. Mganga mkuu aliniuliza swali moja: "Je, programu yako inaweza kuandika jina la mtu aliyekagua mfuko wakati hajaukagua?"

Nikasema, "Haiwezi."

Sikusema "nitaangalia". Sikuomba hata nusu saa. Niliijua ile programu kama ninavyoujua mkono wangu, na jina la ile mbinu lilikuwa swali, na swali haliandiki. Nililiamini jina nililolitunga mwenyewe. Hadubini alinigeukia. Alisubiri nimalizie, akidhani kuna neno linakuja. Halikuja.

Kwa miaka mingi ripoti ya mifuko iliyochelewa kukaguliwa ilikuwa tupu kila wiki. Tulikuwa tunapongezana. Mara moja au mbili nilijiuliza inakuwaje haina hata mmoja. Nikajijibu kwamba watu wanafanya kazi vizuri. Sikutaka kuifungua ile droo.

Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, kwenye foleni ya posta. Alinisalimia vizuri. Nikajifanya nina haraka, nikatoka bila kutuma nilichokwenda kukituma.

Sasa nisikilize. Peleka jambo hili kwa mganga mkuu wa sasa. Peleka mbinu ya zamani, majaribio yako na mkaguzi wako. Jina langu liweke, usinifiche nyuma ya "hitilafu ya mfumo". Kumtafuta Hadubini niachie mimi.

Na nakushukuru. Ungeweza kurekebisha mstari mmoja, ukafunga dirisha na kuniacha nizeeke na sifa zangu. Nisingejua kamwe. Umenipenda kwa namna ngumu zaidi, mwanangu, na mimi nimeiona.

Shangazi yako


14 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku wote wazima. Baba alisoma barua yako ya mwisho, nakuomba ruhusa baadaye badala ya kwanza, nisamehe. Aliikunja akasema, "Dada yangu," halafu akaenda kumwagilia maua ambayo mama alikuwa ameshayamwagilia.

Nilikwenda kwa mganga mkuu. Ni mama mmoja mfupi, ana meza kubwa isiyo na karatasi. Nilimweleza. Akasema, "Nionyeshe, usinieleze." Tukashuka chini. Nikaiwasha programu ya zamani kwenye nakala, nikamwomba aingie kwa jina lake, afungue orodha, aifunge. Kisha nikamwonyesha kumbukumbu. Mganga mkuu wa hospitali alikuwa amekagua mifuko sitini na mitatu akiwa amesimama na kikombe mkononi. Alikiweka kikombe chini.

"Na huyu mtu yuko wapi sasa?"

Nikasema shangazi yangu anamtafuta. Akauliza shangazi yangu ni nani. Nikamwambia ndiye aliyeandika programu, na kwamba yeye mwenyewe ameomba jina lake litajwe. Akasema hajawahi kupokea ombi kama hilo kutoka kwa mtu aliyekosea.

Barua ya kwanza waliyoiandika ilisema "kutokana na utata uliojitokeza katika mfumo". Niliisoma kwa sauti, ulimi ukajikwaa. Nikairudisha. Niliwaambia mtu alisema maneno matatu, "Sikuugusa mfuko ule", na barua iseme kama maneno hayo yalikuwa kweli au la. Walikasirika kidogo. Mganga mkuu akachukua kalamu akaandika mwenyewe. Ninakutumia barua hiyo humu ndani, pamoja na nakala. Imefuta kosa kwenye jalada lake na imemwomba radhi. Inasema pia kwamba aliyosema siku ile yalikuwa kweli, na kwamba kumbukumbu za kompyuta ndizo zilizokuwa za uongo.

Muuguzi mkuu alipoisoma alikwenda kusimama dirishani, lile lisilofunguka. Aliniambia yeye ndiye aliyekuwa ameuona mfuko ule kitandani. Miaka yote amejiuliza kama angenyamaza na kuutupa tu, Hadubini angebaki. Nikamwambia alifanya sawasawa. Akasema asante. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza kumwambia.

Ndani ya bahasha nimeweka pia karatasi yenye mistari miwili ya programu, wa zamani na mpya. Huenda akataka kuona. Mimi ningetaka.

Kwanini


3 Agosti

Kwanini wangu,

Marahaba. Natumaini goti la kaka yangu limetulia, na mapazia yamesalimika. Kwa barua yako kusomwa na baba yako sina neno. Alistahili kujua dada yake ni nani.

Nimempata Hadubini. Haikuwa vigumu, na hilo nalo linaniuma. Niliuliza watu watatu tu. Ana duka la miwani, mji wa tatu kutoka kwangu, mtaa wa nyuma wenye fundi viatu na duka la vioo. Nilipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi na kufika kabla hajafungua, nikasubiri upande wa pili wa barabara. Alikuja anatembea taratibu, nywele zimekuwa nyeupe zote, akafungua kufuli mbili, akafagia mlangoni, akaning'iniza kibao. Nikavuka.

Ni chumba kimoja chembamba. Ukutani kuna fremu kama mia, mezani kuna taa yenye mkono mrefu, jiwe la kusagia lenzi, na kikombe kilichojaa skrubu ndogo kama punje za mtama. Alinitambua mara moja. Akasema, "Karibu, dada. Macho?"

Nikasema si macho.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, niliikariri ndani ya basi. Yote ikapotea. Nikamwambia, "Uliposema hukuugusa mfuko ule, ulisema kweli. Programu yangu ndiyo iliyoandika jina lako. Niliulizwa kama inaweza, nikasema haiwezi, na sikuangalia. Nimekuja kukuambia."

Akaweka chini fremu aliyokuwa ameishika. Kisha akauliza, "Umejuaje?"

Nikamweleza habari zako: mkaguzi, kanuni ya ni, onyo moja lililobaki. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza zamani, kichwa upande. Halafu akasema jambo ambalo sitalisahau. "Unajua, kuna miaka nilianza kuamini kwamba nilikuwa nimeukagua. Nilijiambia huenda nilipita mkono, nikasahau. Kompyuta haina sababu ya kunionea. Nikawa nashindwa kuikumbuka asubuhi ile vizuri. Hilo ndilo lililonichosha kuliko kufukuzwa."

Nikampa barua. Aliisoma chini ya taa, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Alipofika kwenye maneno yale matatu, kidole kilisimama.

Nikamwambia pole. Akasema, "Nilikukasirikia miaka sita hivi, sikudanganyi. Ya saba nikapata wateja wengi, nikakosa nafasi." Halafu akauliza kama naweza kumwonyesha mstari wenyewe.

Nikatoa karatasi yako. Alisoma wa zamani kwanza, akautikisia kichwa. Kisha akasoma mpya kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma jina la dawa: "Mfuko, andika ukaguzi wa mtaalamu, siku, leo." Akaurudia. "Hapa mtu lazima aseme mwenyewe," akasema. Nikasema ndiyo. Akauliza ni nani aliyeuandika, nikasema mtoto wa kaka yangu. Akasema nikuambie kwamba anakushukuru, na kwamba ukija kwenye mji wake macho yako atayapima yeye.

Kisha akafungua pazia la nyuma na kumwita mkewe. Alitoka anajifuta mikono. Nilikuwa sijawahi kumwona. Hadubini hakumweleza lolote, alimpa barua tu. Mama wa watu aliisoma amesimama, akafika mwisho, akarudi juu akaisoma tena. Akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile na kuitia mfukoni mwa gauni lake yeye, si la mumewe.

Akamwambia mumewe, "Mimi nilijua."

Halafu akanigeukia. Nilidhani sasa nitasikia niliyostahili kuyasikia. Akaniangalia viatu vilivyojaa vumbi la safari, akaniuliza, "Wewe umekula?"

Nikasema sijala.

Akasogeza fremu pembeni, akavuta kiti hadi mezani. Nikakaa.

Shangazi yako akupendaye